Chango: Si Kila Tumbo la Mwezi ni la Kuvumiliwa

Huenda wako wasomaji watakaokunja nyuso kuona ukurasa huu, waliouzoea kwa mashairi, ngoma na mila za pwani yetu, leo unataja hedhi na haja kubwa. Watasema hayo ni mambo ya wanawake, na yasemewe ukumbini kwao. Mimi naona kinyume. Namna mama anavyomjibu binti yake anapomwambia kwamba tumbo lamuuma ni mila kama mila nyingine. Hurithiwa, husemwa kwa maneno yale yale kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na kama mila nyingine, ikidhuru ina haki ya kutazamwa upya. Jibu tulilolirithi sisi ni hili: "Vumilia mwanangu, ndio uanamke, ukiolewa ukazaa, yatakwisha." Kwa wasichana wengi jibu hilo halina madhara makubwa. Kwa baadhi yao ni jibu linalowapotezea miaka, na huku ndani ya matumbo yao utumbo wakamatwa na maradhi.

Lugha yetu haikukosa neno. Tangu zamani maumivu ya tumbo yampatayo mwanamke, hasa yale yaandamanayo na damu ya mwezi au yasemwayo kuwa yamzuilia kuzaa, yameitwa chango, na wengine huyaita mchango. Tena chango hilo hilo, kwa maana yake nyingine, ni utumbo. Kwa hivyo bibi zetu, ambao hawakupata kutazama kwa darubini, waliutia utumbo na uzazi katika neno moja. Sisemi kwamba walijua yale ambayo madaktari wamekuja kuyajua baadaye. Chango ni kapu kubwa, na ndani yake mmetiwa maradhi mengi yasiyohusiana. Lakini katika kapu hilo mna maradhi mamoja ambayo kwayo utumbo na uzazi huuma pamoja kweli kweli, na kwa kuwa hatukuyatenga na mengine, tumeyatibu yote kwa mzizi mmoja na kwa nasaha moja ya subira.

Maradhi haya madaktari huyaita endometriosisi. Mwanamke ana utando laini ndani ya mji wa uzazi, ambao kila mwezi hunenepa, kisha hubanduka na kutoka kuwa hedhi. Katika endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo huota pasipo mahali pake: juu ya ovari, kwenye ngozi inayofunika viungo vya tumbo, kwenye kibofu, na kwa baadhi ya wanawake katika ukuta wa utumbo. Mwezi unapofika, nyama hiyo nayo huchochewa na homoni zile zile. Huvimba na huvuja, na damu yake haina pa kutokea. Mwili hujibu kwa kufanya makovu, na makovu huvuta viungo vikagandamana, hata utumbo ukashikwa na mji wa uzazi usiweze kujongea. Si saratani, walakini huweza kuchimba ndani kama inayotafuta njia.

Si maradhi ya jana. Karl von Rokitansky wa Vienna aliandika habari za nyama ya namna hii mwaka 1860, naye John Sampson, daktari wa Albany huko Marekani, ndiye aliyeeneza jina la endometriosisi mwaka 1927, akaeleza kwamba huenda baadhi ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kupanda mbegu tumboni. Maelezo hayo hayatoshi peke yake, maana wanawake wengi damu yao hurudi nyuma kidogo na wasipatwe na lolote. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa anayo, nao ni kiasi cha milioni 190 duniani. Katika kila 100 walio nayo, makadirio ya kawaida ni kwamba 5 hadi 12 imewafika utumboni, na aghalabu hukaa katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nyuma ya mji wa uzazi, karibu na njia ya haja kubwa.

Hesabu ya siku na hesabu ya maumivu

Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mlango wa hedhi tukiwa wavulana ambao hata ndevu hazijatuota. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi tulihifadhi kwamba uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku 15, na kwa kawaida ni siku 6 au 7. Tulifundishwa kupambanua damu ya hedhi na damu ya istihadha, kwa rangi yake, kwa uzito wake na kwa mazoea ya mwanamke mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyetwambia kwamba ni aibu. Na msingi wa mlango huo ni kisa cha Fatima binti Abi Hubaishi, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba damu yake haikatiki, naye akajibiwa waziwazi kwamba hiyo yatoka mshipani, si hedhi, kisha akafundishwa la kufanya. Kadhalika Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Basi watu ambao dini yao imewafundisha kupambanua damu na damu, watawezaje kushindwa kupambanua maumivu na maumivu? Twazihesabu siku kwa ajili ya sala na saumu, na hesabu hiyo ni wajibu. Maumivu hatuyahesabu. Hatuulizi yalianza siku ya ngapi, yalikaa wapi, yalikwisha lini, na yalimzuia binti kufanya nini. Serikali nayo imekomea hapo hapo. Sheria ya mwaka 2017 iliamuru wasichana wa shule wapewe sodo bure, na ni jambo jema. Lakini sodo huzuia damu isionekane. Msichana aliyekosa shule siku tatu kila mwezi kwa sababu hawezi kusimama wima, sodo haimrudishi darasani.

Mambo yanayostahili kuhesabiwa si mageni kwa mwanamke yeyote. Lililo la hedhi ya kawaida ni tumbo la chini kunyonga siku moja au mbili, likatulizwa na dawa ya kawaida ya maumivu au maji ya moto, na mtu akaendelea na kazi zake. Lililo la shaka ni maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi, yanayoanza kabla ya damu na kubaki baada yake, au yanayoongezeka mwaka baada ya mwaka. Na dalili inayoelekeza kidole kwenye utumbo ni hii: wakati wa hedhi, kwenda haja kubwa huwa ni adhabu. Mwanamke huhisi kama kisu chamkata ndani, au kama ameketi juu ya mwiba. Tumbo hujaa upepo likawa kama la mja mzito. Huendesha siku mbili, kisha hufunga choo siku nne. Wachache huona damu katika choo, na damu hiyo huja na hedhi na kuondoka nayo. Wengine huumia katika tendo la ndoa, au maumivu huwashuka kiunoni na mgongoni.

Dalili hizo zikitazamwa moja moja, kila moja ina jina jingine. Kuharisha huitwa amiba. Tumbo kujaa huitwa vidonda vya tumbo. Homa ikiandamana nayo, huitwa taifodi. Maumivu ya kulia chini huitwa kidole tumbo, na wako waliokatwa kidole tumbo na maumivu yakabaki pale pale. Linaloyaunganisha yote ni kalenda. Amiba haijui tarehe za mwanamke. Maradhi ya utumbo yanayokuja na mwezi na kuondoka na mwezi yana haki ya kutiliwa shaka, na wa kwanza kuiona kalenda hiyo si daktari. Ni mgonjwa mwenyewe, mama yake, au somo wake.

Somo ndiye wa kwanza

Hapa ndipo utamaduni wetu una nguvu ambayo miji mingi mikubwa ya ng'ambo haina. Msichana wa pwani anapovunja ungo, desturi ni kuwekewa somo, mwanamke mtu mzima asiye mama yake, amfundishe usafi, josho, heshima na siri za utu uzima. Mwana Kupona binti Mshamu alipoutunga utendi wake mwaka 1858, hali yu mgonjwa, maneno yake aliyaelekeza kwa bintiye Mwana Hashima. Kwa hivyo wasia wa mwanamke mzima kwa msichana una heshima ya zamani kwetu. Nasema wasia huo wa somo uongezwe mlango mmoja. Baada ya kumfundisha kufunga sodo na kuoga josho, amwambie: "Mwanangu, ukiona haja kubwa yakuuma siku zako zikifika, usinifiche." Maneno hayo hayapunguzi adabu ya msichana hata chembe. Na kila mwezi, kwa miezi mitatu, waandike katika daftari tarehe ya damu, siku za maumivu na ukali wake kwa hesabu ya 0 hadi 10, hali ya choo, na dawa iliyomezwa. Daftari la namna hiyo, likiwekwa mbele ya daktari, hufanya kazi kuliko maneno "tumbo laniuma" yaliyosemwa kwa haya huku macho yako chini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Pengine mtu atauliza, kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu uchelewaji wa maradhi haya hauhesabiwi kwa siku. Katika nchi nyingi, hata zile zenye hospitali za kila namna, hupita miaka 7 au zaidi tangu dalili za kwanza hadi jina la maradhi kutajwa. Na kinundu kilichopo katika ukuta wa utumbo, kwa baadhi ya wanawake, hukua mpaka njia ya choo ikawa nyembamba.

Vipimo na haya

Daktari anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza, na masuali yake huwa ya siri: choo, damu, faragha ya mume na mke. Ajibiwe. Kisha hupima kwa mkono, na kinundu kikubwa nyuma ya mji wa uzazi huweza kuguswa. Baadaye huja picha. Altrasaundi ya juu ya tumbo, ile ambayo wengi waijua kwa kutazamia mtoto, mara nyingi haioni maradhi ya utumbo. Ifaayo zaidi ni altrasaundi ya ndani, inayopitia njia ya uzazi, ikiwa mikononi mwa mtu aliyefunzwa kuyatafuta maradhi haya hasa, au picha ya MRI, ambayo ni mashine ya sumaku. Kioo cha kupitia njia ya haja kubwa, kiitwacho kolonoskopi, huweza kurudi na majibu mazuri na hali mgonjwa ni mgonjwa, kwa kuwa nyama hii huingia utumboni kutoka nje, na ngozi ya ndani huwa bado safi. Kwa hivyo mwanamke akiambiwa "utumbo wako hauna kitu" baada ya kioo hicho, hilo halifungi mlango.

Najua linalowatia hofu wazazi wengi wakisikia kipimo cha ndani: ubikira wa binti. Jawabu ni kwamba msichana ambaye hajaolewa halazimiki kupimwa kwa njia hiyo. MRI haigusi utupu, na altrasaundi huweza kupitishwa njia ya nyuma pale inapohitajika. Mzazi aseme mapema, na daktari atachagua njia. Kuhusu tabibu mwanamume, fiqhi imekwisha kulisema: atafutwe kwanza tabibu mwanamke, asipopatikana mwenye ujuzi huo, dharura huruhusu, kwa kadiri ya haja tu, na awepo maharimu au mwanamke mwaminifu. Sheria yetu ilikwisha kutoa nafasi. Sisi ndio tunaoibana, kisha tukasema ni dini.

Zamani ilikuwa haikubaliwi kwamba mtu ana endometriosisi mpaka apasuliwe na nyama ionekane kwa macho. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 umelegeza jambo hilo: dalili na picha zikipatana, tiba huweza kuanza bila kisu. Hilo ni faraja kwa watu wetu, maana msichana wa Lamu kumvusha Mokowe na kumpandisha basi hadi Mombasa ili apasuliwe kwa kutazamwa tu ni gharama ya familia nzima.

Vidonge, na tohara ya mahujaji

Tiba ya kwanza, kwa asiyetafuta mimba wakati huo na ambaye utumbo wake haujaziba, ni dawa za homoni zinazoituliza nyama hiyo. Baadhi yake ni zile zile zitumiwazo kupanga uzazi, na hapo ndipo maneno huanza. Mama husema: "Binti yangu hajaolewa, vidonge hivyo vya nini? Tena vitamfanya tasa." Havimfanyi tasa, akiacha kumeza, hedhi hurudi. Na mmojawapo wa dawa hizo, norethisterone, wako mahujaji wa kike wanaoumeza ili hedhi isiwakute kabla ya tawafu, na hakuna anayewatuhumu kwa lolote. Dawa inayofaa kwa ajili ya Makka haiwezi kuwa fedheha kwa ajili ya kupoza tumbo la mgonjwa. Walakini isemwe wazi kwamba dawa hizi hutuliza, haziondoi. Kinundu hubaki, na makovu yaliyokwisha kufungamana hayafunguliwi na kidonge.

Na ile dawa yetu ya kienyeji, yaani ndoa? Mwongozo huo huo wa mwaka 2022 wasema mgonjwa asishauriwe kushika mimba kwa ajili ya kujitibu tu. Kumwoza binti mwenye maradhi haya ili apone ni kumpeleka katika chumba ambamo tendo lenyewe la ndoa lamuuma, mimba huenda ikachelewa, na mume hajaambiwa kitu. Ndoa ngapi za namna hiyo zimekwisha kwa talaka, mke akaitwa mgumba na mkaidi, na huku hakuna aliyewahi kumuuliza swali moja la maana?

Kisu, na aina zake tatu

Upasuaji huja pale njia ya choo inapoanza kuziba, pale dawa zinaposhindwa au haziwezekani, na kwa baadhi ya wanaotafuta mtoto, baada ya kupima faida na hatari. Siku hizi, palipo na vyombo na mafundi, hufanywa kwa matundu madogo tumboni na kamera, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Kazi hii haitaki mtu mmoja. Hutaka daktari wa uzazi aliyebobea katika maradhi haya na daktari mpasuaji wa utumbo wasimame meza moja, na pengine wa njia ya mkojo awe karibu, kwa kuwa mirija itokayo figoni hupita mahali hapo hapo.

Njia ni tatu. Aliyemwona fundi wa jahazi akitengeneza ubao ulioharibika atazifahamu. Uozo ukiwa juu juu, fundi huparura mpaka afike kwenye mti mzima. Ndivyo kinundu kinavyoparurwa juu ya utumbo bila kuutoboa. Ukiwa umeingia ndani lakini mahali pamoja, hukata kipande cha mviringo na kuziba; ndivyo sehemu ndogo ya ukuta wa utumbo inavyokatwa na kushonwa. Ukiwa umekula ubao kwa urefu, hukata kipande kizima na kuunganisha ncha mbili. Njia hii ya tatu huhitajika hasa kinundu kikiwa kikubwa, mara nyingi kupita sentimita 3, au vikiwa vingi, au kikiwa kimeuzunguka utumbo ukawa mwembamba.

Kila njia ina bei yake. Maungo yaliyoshonwa huweza kuvuja. Fistula huweza kutokea kati ya utumbo na njia ya uzazi. Mishipa ya fahamu ya kibofu ikiguswa, mkojo huwa mzito kutoka. Wengine, hasa waliokatwa kipande kizima, hubaki na choo cha mara kwa mara kwa muda. Hatari hizi si nyingi mikononi mwa wajuzi, ila zipo, na kinundu chaweza kurudi. Je, kukata zaidi ndiko kupona zaidi? Huko Ufaransa, Horace Roman na wenzake waliwagawa wanawake 60 kwa kura, wengine wakakatwa kipande kizima cha utumbo na wengine wakafanyiwa njia za kuhifadhi utumbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti kubwa katika namna utumbo na kibofu vilivyofanya kazi. Fundisho ni kwamba mgonjwa asikimbilie anayeahidi kukata kingi, wala asimkimbie anayesema kinundu hiki hakihitaji zaidi ya kuparurwa. Amuulize: kinundu kina ukubwa gani, kiko umbali gani kutoka njia ya haja, ni njia ipi kati ya tatu na kwa nini, nani atashika utumbo, umefanya ngapi, na je, nitahitaji mfuko?

Aulize pia kama atatolewa mji wa uzazi, na kwa sababu gani. Kuutoa mji wa uzazi na kuacha kinundu utumboni si kuyaondoa maradhi ya utumbo. Mwanamke aliyepoteza uzazi wake, kisha akabaki na mateso yale yale chooni, ameonewa mara mbili.

Mfuko na msala

Neno mfuko ndilo linalowatisha wengi. Kwa baadhi ya wagonjwa, ili mshono wa ndani upone, wapasuaji huutoa utumbo nje ya tumbo kwa muda, na choo kikatoka katika mfuko ulioambatishwa hapo. Aghalabu baada ya miezi michache hurudishwa ndani. Mwanamke wa Kiislamu hujiuliza: nitasalije, na najisi ninayo mwilini? Yako masikitiko makubwa kuliko kukataa tiba kwa hofu hiyo, lakini si mengi. Asiyeweza kuzuia hadathi yake ana hukumu yake katika fiqhi, naye ni mwenye udhuru: hujisafisha awezavyo, hutia udhu wakati wa sala unapoingia, husali, na sala yake ni sahihi. Masheikh wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wangelisema jambo hili katika darasa zao, pamoja na mlango wa hedhi wanaousomesha kila mwaka, wangeliwaokoa watu na wasiwasi mwingi. Tena wanaume wangekuwapo wakisikiliza, na wao ndio wanaoambiwa watoe nauli na idhini.

Wakenya walipata kulijua jina la endometriosisi kwa sauti ya Njambi Koikai, mtangazaji aliyeteseka nayo tangu utoto wake wa miaka 13, nayo ikampanda hadi kifuani. Mwaka 2018, kwa michango ya watu, alisafiri hadi Atlanta, Marekani, kupasuliwa. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Yake ilijulikana kwa kumfika mapafuni, ila alilolipigania lawahusu wote: kwamba msichana asemapo "naumia" asiambiwe anajidekeza, na kwamba asihitaji kuvuka bahari ili apate wa kumpasua.

Hilo la pili ni deni la serikali zetu, ya Nairobi na za kaunti. Kwa mkoa mzima wa pwani, kutoka Vanga hadi Kiunga, si mengi kudai kwamba katika hospitali kuu ya umma pawepo mtu aliyefunzwa kuyasoma maradhi haya katika altrasaundi, na siku maalumu ambayo daktari wa uzazi na wa utumbo hukutana juu ya mgonjwa mmoja. Wanasiasa wetu wamezoea kuombwa barabara na visima. Waombwe na hili, na waombwe na wanaume pia.

Hilo la kwanza ni deni letu wenyewe, na halina haja ya bajeti. Somo aulize. Mama asikilize. Baba atoe nauli bila ya kutaka maelezo yatakayomvunjia binti haya. Bwana harusi aambiwe ukweli kabla ya mahari. Na bibi anayechemsha mizizi ya chango aendelee kumkanda mjukuu wake na kumpa maji ya moto, maana huruma haijapata kumdhuru mtu. Ila mwezi wa tatu ukifika na binti bado analia chooni, afunge chungu, achukue daftari, na amshike mkono wampeleke hospitali.